Chai ya kupunguza mwili, keto, kufunga, jimu au sahani ya kila siku: kipi kinabaki baada ya mwaka?

Mtoto wa dada yangu ana miaka 21, yuko chuo Dodoma. Wiki iliyopita, saa tano usiku, aliniandikia: "Shikamoo mama mdogo. Sendofu ya dada imebaki miezi mitatu na vitambaa vya sare vimeshafika kwa fundi. Nina elfu sabini. Ninunue ile chai ya siku kumi na nne, nilipie jimu, au nianze keto? Niambie ukweli, nimechoka kujiona kwenye picha."

Ningeweza kumjibu usiku uleule. Nilikaa na ujumbe wake siku tatu kwa sababu ya yale maneno ya mwisho. Swali lilikuwa la kilo, lakini aliyekuwa anaongea ni binti aliyegombana na mwili wake, na ugomvi huo naujua. Nilipokuwa na umri kama wake nilikunywa mchanganyiko wa sanamaki na tangawizi wa mama mmoja pale mtaani kwetu, siku kumi mfululizo, ili nienee gauni la harusi ya kaka. Mzani ulishuka kilo nne. Siku ya shughuli nilishikwa na kizunguzungu nikakalishwa jikoni na kupewa maji ya chumvi na sukari. Mwezi haukuisha, kilo nne zote zilikuwa zimerudi, na hofu imeongezeka juu yake.

Kwa hiyo kila njia aliyoitaja nimeipima kwa maswali matatu. Inapunguza nini hasa: maji, mafuta au misuli? Ukiiacha, kinabaki nini? Na la tatu, ambalo huwezi kulikuta limeandikwa kwenye kopo lolote: inakufanya uuogope mwili wako zaidi, au hofu inapungua?

Mzani au utepe wa fundi

Kabla ya kuchagua njia, jua uko wapi. Kipimo kinachotumika hospitalini ni uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kawaida, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Hesabu hii ilibuniwa na Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akitafiti takwimu za watu kwa wingi wao. Hakuwa daktari, wala hakuwa na mgonjwa mmoja mbele yake. Ndiyo maana haitofautishi msuli na mafuta, wala haisemi mafuta yamekaa wapi.

Utepe unasema zaidi. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Ya mapajani na makalio hayana ubaya wa namna hiyo. Kanuni rahisi ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Binti yetu ana sentimita 160 na kilo 71, kiuno sentimita 84. Kwa hiyo uzito umezidi kidogo na kiuno kimevuka nusu kwa sentimita nne. Jambo la kushughulikia lipo, la dharura halipo. Nimemwandikia hivyo, maana yeye alikuwa akijiita "bonge" kana kwamba ni ugonjwa wa kufa kesho.

Wengine wakipima watakuta wako sawa kabisa. Hao njia zote zilizobaki hapa chini haziwahusu, isipokuwa zile habari za hofu.

Chai na ditoksi

Chai nyingi za kupunguza mwili zina sanamaki, mti wa dawa ambao watu wa pwani wanaujua tangu zamani kwa kufungua choo. Nao hufanya kazi hiyo kwenye utumbo mpana. Lakini nguvu ya chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, huko juu, kabla chakula hakijafika sanamaki inakofanyia kazi. Unachopoteza chooni ni maji na chumvi za mwili, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mzani unashuka kweli, kwa sababu maji yana uzito. Chapati na soda za jana zimeshaingia.

Kuna hatari nyingine mbaya zaidi. Dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikizima njaa, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeendelea kuikuta ndani ya kahawa, chai na vidonge "vya asili" vya kupunguza uzito, bila kuandikwa kwenye paketi. Ukinywa kitu kikakukausha hamu ya kula kabisa, mapigo ya moyo yakaenda mbio na usingizi ukakata, usifurahi kwamba kinafanya kazi. Kiache, na paketi uende nayo kwa daktari.

Ukiacha chai, kinachobaki ni sifuri. Na kwa swali la tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inakufundisha kwamba chakula ni uchafu wa kutolewa.

Kujinyima kabisa na kupunguza kidogo

Hapa nitakaa, maana wengi wetu hatununui chai. Tunaamua tu "kuanzia Jumatatu sili".

Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilifanya jaribio kwa vijana 36 wenye afya, wanaume waliokataa kushika silaha vitani kwa sababu ya imani zao, wakajitolea ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wenye njaa huko Ulaya. Msimamizi alikuwa Ancel Keys. Kwa wiki 24 walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, viazi, mikate na tambi za makaroni, huku wakitembea kila siku. Walipungua karibu robo ya uzito wao.

Kilichonigusa ni yaliyotokea kichwani mwao. Vijana ambao hawakuwa na habari na mapishi walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma usiku. Waliota chakula. Walilamba sahani, wakawa wepesi wa hasira, wakasikia baridi wakati wengine wanasikia joto, hamu ya mapenzi ikawatoka. Waliporuhusiwa kula, walikula bila kushiba, na mafuta yakarudi mwilini mapema kuliko misuli. Baadhi yao wakaanza kulalamika kwamba wanajiona wanene, jambo ambalo hawakuwa nalo kabla ya njaa.

Sasa linganisha. Mipango mingi ya mtandaoni inamwambia binti ale kalori 1,200 au 800, chini ya kile kilichowafanya wanaume hao waote mikate. Akishindwa siku ya kumi na kula maandazi sita kwa mkupuo, anajiita dhaifu. Si udhaifu. Ni mwili unaodhani kuna ukame.

Kupunguza kidogo kunakwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa takriban miaka mitatu, walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale ambao hawakufundishwa. Kwa waliopewa metformini, dawa ya kisukari, pungufu ilikuwa asilimia 31. Yaani kupungua kidogo na kutembea kulishinda kidonge.

Asilimia 7 ya kilo 71 ni kilo tano. Kwa picha za kabla na baada hizo si chochote. Kwa kongosho na mishipa ya damu ni nyingi sana.

Keto na kufunga

Hizi mbili zina watetezi wakali, na mimi sina ugomvi nazo kwa mtu mzima mwenye afya. Nina ugomvi na ahadi.

Wiki ya kwanza ya keto, yaani kula mafuta mengi na kuacha karibu wanga wote, mzani hushuka kwa kasi kwa sababu akiba ya wanga mwilini hutunzwa pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu moja ya wanga. Ukiacha ugali na wali, akiba inaisha na maji yanatoka. Ukila wali wa Idd, yanarudi usiku mmoja, nawe unadhani umeharibu kila kitu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa mwaka mzima: nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta, wote wakila vyakula halisi visivyotoka kiwandani. Wa wanga walipungua kilo 6.0 kwa wastani, wa mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo haina uzito wowote kitaalamu. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua kilo nyingi na wapo walioongezeka, kwa hiyo rafiki yako kufanikiwa na keto hakukuambii lolote juu yako.

Kufunga kula kwa saa kadhaa nako ni hivyohivyo. Huko Guangzhou, China, watu 139 wenye unene wa kupindukia walipunguziwa chakula kwa kiasi kilekile, ila kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Baada ya mwaka waliofunga walipungua wastani wa kilo 8.0, wenzao 6.3, na watafiti hawakuona tofauti ya kuitegemea. Nasi hatukuhitaji Wachina kutuambia. Ni wangapi wanafunga Ramadhani nzima na kuongezeka uzito, kwa kaimati, tambi za sukari na mihogo ya nazi? Saa peke yake hazipunguzi mtu.

Kama kuacha kula baada ya magharibi kunakuzuia chipsi za saa nne usiku, na hakukufanyi uwaze chakula mchana kutwa, kufunga kunakufaa. Kama una historia ya kula kwa mkupuo au kujitapisha, usiiguse. Keto kwa mwanafunzi mwenye jiko la hosteli na elfu sabini siipendekezi: nyama, mayai na parachichi kila siku zitamaliza pesa, halafu atakuwa mtu wa kukaa pembeni kila shughuli, akieleza kwa nini hali pilau.

Sahani

Hii ndiyo ninayoichagua, na naomba nieleze kwa vyombo vya nyumbani.

Angalia sahani yetu ya kawaida. Ugali ni mlima, na mboga iko kwenye kibakuli pembeni. Igeuze: nusu ya sahani iwe majani, mchicha, matembele, mnafu, bamia, kabichi; robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi; robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, yai au nyama. Hujaacha chakula chochote cha kwenu. Umebadilisha vipimo tu. Unashiba, kwa sababu majani yana maji na nyuzi, na maharage yanakaa tumboni.

Halafu mafuta. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kijiko cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu haujui kijiko kimoja wala vinne. Chota kwa kijiko. Kwa nyumba ya watu watano wanaopika mara mbili kwa siku, badiliko hili moja ni kubwa kuliko ditoksi yoyote, na linapunguza bili.

Tatu, vinywaji. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko vya chai tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25. Chupa moja imeshavuka. Chai ya vijiko vitatu mara tatu kwa siku inafika palepale. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea bila vita.

Inapunguza polepole, pengine nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Haina picha ya kuonyesha baada ya siku kumi na nne. Ila haina siku ya kuiacha. Utaila ukiwa umeolewa, ukiwa safarini, ukiwa mzee. Na inaruhusu pilau: kijiko kikubwa kimoja badala ya viwili, kachumbari nyingi, umekula na watu.

Jimu au miguu

Hapa sina mengi. Mazoezi peke yake bila kugusa sahani hupunguza uzito kidogo tu, na hilo huwavunja moyo waliolipa ada ya mwezi. Lakini kwa kuulinda uzito usirudi, kwa usingizi, kwa sukari ya damu na kwa moyo mzito, hayana mpinzani. Dakika 150 za kutembea kwa kasi ni nusu saa siku tano. Shuka kituo kimoja kabla. Mara mbili kwa wiki fanya ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, kubeba ndoo ukiwa umenyoosha mgongo.

Jimu ni nzuri kama iko njiani na kama unapapenda. Wanawake wengi wananiambia wanaogopa kukimbia barabarani kwa sababu ya kuzomewa, na hofu hiyo ni ya kweli. Vikundi vya jogingi vya mtaani, vile vinavyokimbia kwa fulana za sare na nyimbo alfajiri ya Jumapili, vimewasaidia wengi kwa sababu hakuna anayemzomea mtu aliye katikati ya watu hamsini. Kama hakuna, kamba ya kuruka chumbani inatosha.

Sindano

Amenitajia pia sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi. Ni dawa za kweli. Katika utafiti uliochapishwa 2021, watu walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walipoacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Kwa hiyo ni dawa ya muda mrefu kama ya shinikizo la damu, kwa mwenye unene wa kupindukia au maradhi yanayoambatana nao, chini ya daktari. Mwenye kilo tano za kupunguza kwa ajili ya sendofu si mtu wake, na sindano inayouzwa kwa ujumbe wa simu bila cheti wala jokofu haimfai mtu yeyote.

Anayetaka kunenepa

Kwetu hofu ya mwili ina pande mbili, na makala nyingi husahau upande huu. Mwembamba anaulizwa "unaumwa?", na miaka ile ya UKIMWI ilipowaka, kukonda kulikuwa hukumu. Wapo mabinti wanaomeza siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethazoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ili wapate mashavu na makalio. Deksamethazoni hujaza uso maji, hupandisha sukari na shinikizo, na ukiizoea mwili huacha kutengeneza homoni yake yenyewe, hata kuiacha ghafla ni hatari. Ukiiweka kando ya chai ya sanamaki utaona ni ndugu: zote zinauza maji kwa jina la mwili mpya. Anayetaka kuongeza uzito naye njia yake ni sahani: karanga, parachichi, uji wa maziwa, mlo wa ziada, na mazoezi ya nguvu.

Hofu yenyewe

Mwaka 1995 runinga iliingia katika mkoa wa Nadroga, Fiji, mahali ambapo mwili ulionona ulimaanisha unatunzwa na watu wako, kama kwetu. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, akarudi kuwauliza wengine mwaka 1998. Mwanzo hakuna aliyekiri kujitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Miili ya Fiji haikubadilika kwa miaka mitatu. Macho ndiyo yaliyobadilika.

Kwa hiyo macho nayo yana lishe yake. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2023 uliwahusisha vijana 220 wenye msongo; baadhi yao walipunguza mitandao ya kijamii hadi saa moja kwa siku kwa wiki tatu, na namna walivyouona mwonekano na uzito wao ikawa bora kuliko wenzao ambao hawakupunguza. Hii ni njia isiyogharimu hata shilingi, na nimemwambia binti yetu aanze nayo kabla ya nyingine zote. Mzani apande mara moja kwa wiki, asizidishe. Na akiona anajitapisha, anakunywa dawa za kuharisha, hedhi imekatika bila mimba, au siku nzima inapita akiwaza chakula, hapo sahani si jibu tena. Aende kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa, nami nitampeleka mwenyewe.

Shangazi zake nimeongea nao pia. Niliwaomba tubadilishe salamu. "Umenenepa jamani" na "mbona umekonda" zikae kando mpaka sendofu ipite, na baada ya hapo tuone kama kuna aliyezikosa.

Elfu sabini zake tumezigawa hivi: raba za mtumba, kamba ya kuruka, dagaa na maharage ya mwezi, na kilichobaki kwa fundi, ili gauni likatwe kwa mwili alionao leo na pindo za pembeni ziachwe pana. Fundi alimpima upya Jumamosi. Kiuno sentimita 84, akaiandika kwenye daftari lake, akamwita anayefuata.